Zamu Isiyopokelewa

Nchi ya Usemewa haimo katika ramani zetu, na safari ya kufika huko sitaisimulia, maana ilinichosha na msomaji hatafaidika nayo. Inatosha kusema kwamba nilikaa huko tangu mvua za vuli mpaka mahindi yalipokomaa, nikiwa nimepanga chumba kwa Bi Siwema, mwanamke wa kiwanda cha mablanketi. Tangu niondoke sijapata kuishi na watu niliowapenda kama wale. Hata leo nikipita mahali penye harufu ya pamba mbichi na grisi, moyo unarudi huko bila kuniomba ruhusa.

Sheria ya kwanza ya nchi ile ni kwamba anayefanya kazi haruhusiwi kuisemea kazi yake. Ziko Nyumba mbili kwa shughuli hiyo: Nyumba ya Wenye, yaani wenye mashine, na Nyumba ya Wasemaji, inayowasemea wanaozishika. Mfanyakazi akiumwa mgongo hasemi kwamba anaumwa. Anakwenda kwa Msemaji, anamwonyesha mahali panapouma, na Msemaji anakwenda kuumwa kwa niaba yake mbele ya Wenye. Wengine walikuwa hodari kwelikweli. Nilimsikia mmoja akiguna kwa niaba ya mzee wa chumba cha rangi, akaguna vizuri hata mimi nikajishika kiuno. Anayethubutu kujisemea mwenyewe hukalishwa kwenye benchi uwanjani akasomewa hotuba. Mwanzoni niliiona adhabu hiyo kuwa nyepesi, watu wazima wanaogopa hotuba kweli? Kisha nikaisikiliza moja mpaka mwisho, na sikucheka tena.

Nyumba hizi mbili ni maadui, kila mtu alinihakikishia hivyo. Zimejengwa kwa kushirikiana ukuta mmoja, ukutani kuna mlango usio na kitasa, na jiko ni moja, nyuma, lenye mpishi mmoja. Kila mwaka husherehekewa Siku ya Ukali, ambapo Msemaji Mkuu hugonga meza ya Wenye mbele ya umati. Meza yenyewe hutandikwa godoro jembamba chini ya kitambaa, asije akaumia. Akishagonga, wote huingia ndani, moshi wa nyama ya kuchoma hutanda uwanjani, na baada ya kitambo hutoka mtu akafuta mdomo na kutangaza kwamba mazungumzo yanaendelea vizuri.

Mimi nilipewa kibali cha kuingia kiwandani, kibandiko cha kifuani kilichoandikwa ASIYESEMA. Kwa hiyo niliona mengi.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa makabidhiano. Zamani sana Wenye walitunga sheria kwamba mashine isiachwe bila mtu hata kidogo. Anayetoka zamu husimamisha mashine na kumwambia anayeingia, "Nakukabidhi ikiwa nzima." Anayeingia huitazama, kisha hujibu, "Nimepokea ikiwa nzima." Hapo tu ndipo wa kwanza huruhusiwa kwenda zake. Maneno hayo yamechorwa juu ya mlango mkubwa, na hakuna aliyeweza kufukuzwa, kuhamishwa wala kustaafu kabla hajakabidhi.

Wenye walidhani wametunga sheria ya mashine. Watu wakaifanya yao. Baina ya neno la anayetoka na neno la anayeingia mlikuwa na nafasi ndogo, na mle ndani ya nafasi ile nchi nzima ilikuwa ikipumua. Hapo ndipo mtu alipouliza hali ya mtoto mwenye surua, akatoa kipande cha muhogo kilichofungwa kwenye kitambaa, akanong'ona kwamba mkanda umelegea na yule fundi mpya ni muongo. Nywele zao zote zilikuwa nyeupe kwa mavumbi ya pamba, vijana kwa wazee, hata usingemjua mkubwa ni nani. Jambo lililosemwa chumba cha pamba asubuhi lilikuwa limefika chumba cha kupakia kabla ya jioni, bila mkutano wala tangazo. Hawakuwa na mwenyekiti. Hawakuwa na kadi wala fulana zenye maandishi. Nimekaa katika vyama vingi kwetu, vyenye katiba na mihuri, na sijaona kimoja kilichojuana namna ile.

Bi Siwema alishika mashine ya kuchambua pamba, zamu ya asubuhi. Lilikuwa pipa la chuma lenye meno mwili mzima, linazunguka na kuvuta pamba kwa pupa, na wafanyakazi walilibandika jina la Mama Meno. Zamani lilikuwa na kifuniko, bamba la chuma lenye matundu, kilichozuia mikono isifuate pamba. Kikapelekwa kutengenezwa, hakikurudi. Shauri la kifuniko likafikishwa kwa Nyumba mbili, na Nyumba mbili zikalijadili kwa heshima zote. Kwanza walibishana kama ni la Kamati ya Vifuniko au la Kamati ya Mikono. Halafu likazuka swali kama kidole ni sehemu ya mkono au kinajitegemea. Mwishowe wakafikia muafaka uliosifiwa sana: akaletwa mchoraji, akachora picha ya kifuniko, nzuri, yenye matundu yote, ikatundikwa mbele ya Mama Meno. Msemaji Mkuu, Mheshimiwa Hamdani, alikuja mwenyewe kukata utepe.

Muda mfupi baadaye, Tabu, kijana wa zamu ya mchana, aliacha vidole vyake mle ndani nyuma ya picha. Nilihudhuria kikao chake. Mheshimiwa Hamdani alivilia vidole vile kwa ufasaha hata Wenye wakapiga makofi. Tabu alipoinua mkono uliofungwa bandeji, aombe kuonyesha, aliambiwa aushushe, kwa kuwa unawazuia walioketi nyuma wasione.

Nafasi ya Tabu ikabaki wazi, ikawa inashikwa kwa muda na watu wa vyumba vingine. Siku moja Bi Siwema alirudi nyumbani akaketi kizingitini bila kuvua viatu.

"Wamempa Kibibi," alisema.

Kibibi alikuwa binti yake wa pekee, msichana mwenye kicheko cha karibu, aliyekuwa akishona nguo za watoto kwa mikono na kuziuza mtaani.

"Wamempa nini?" niliuliza.

"Mama Meno. Zamu ya mchana. Mheshimiwa anasema amemwombea nafasi kama fadhila kwangu, kwa sababu nimekaa muda mrefu." Alitazama viganja vyake. "Mimi najua lile pipa linavyovuta. Nimelisoma hata pumzi zake. Kibibi halijui. Kibibi anapofanya kazi huwa anaimba, anasahau mikono iko wapi."

"Basi kataa."

"Kukataa ni kusema, mgeni wangu. Lazima nisemewe."

Akaenda kesho yake, akamweleza Msemaji wa zamu kwamba hataki, hataki kabisa, mwanawe asikanyage mle. Msemaji aliandika, akaingia ndani kupitia mlango usio na kitasa, akatoka akitabasamu. Jioni tangazo likabandikwa: Bi Siwema anatoa shukrani zake za dhati kwa Nyumba zote mbili.

Nilikasirika mpaka nikataka kubandua kibandiko changu. Yeye hakukasirika. Alikwenda kazini, na alipokabidhi zamu alimweleza aliyesimama mashine ya pili habari ile, naye akamweleza aliyempokea. Ilikwenda hivyo, mtu kwa mtu. Nilijaribu kuuliza wamekubaliana nini. "Hatujakubaliana kitu," mzee wa chumba cha rangi aliniambia. "Tumeambiana tu."

Siku ya Kibibi kuanza, nilikuwepo. Alikuja na kanga mpya kichwani, amechangamka, amejikaza asionekane ana hofu. Mama yake akasimamisha pipa. Wote wawili wakasimama pale, na mimi nikamwona Bi Siwema akifungua mdomo na kuufunga. Maneno yale alikuwa ameyatamka maisha yake yote, yalikuwa yamekuwa kama salamu, mtu hayasikii tena. Sasa alitakiwa kumwambia mwanawe.

"Nakukabidhi," alisema, "lakini si nzima."

Kibibi akamtazama mama yake, kisha akalitazama pipa na ile picha.

"Basi sipokei," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka mashine ya pili.

Sheria ilikuwa juu ya mlango, kila mtu aliijua. Mashine isiyopokelewa haizungushwi, na asiyepokelewa haondoki. Bi Siwema akabaki alipo. Katika mashine ya pili nikasikia mtu akimwambia mwenzake, taratibu tu, "Nakukabidhi, lakini si nzima. Mkanda huu umelika." Mwenzake akajibu kwamba hapokei. Ikaendelea hivyo chumba kwa chumba, kila mashine na kasoro yake, na kila kasoro ilikuwa ya kweli, na ngurumo ya kiwanda ikawa inapungua upande huu, mara upande ule, mpaka nikasikia ndege juu ya bati. Zamu ya jioni ilipokuja haikukuta zamu ya kuikabidhi, ikaketi uwanjani. Watu wa mtaani wakaleta uji kwenye ndoo.

Kesho yake asubuhi zilikuja Nyumba zote mbili. Mbele alikuwa Bwana Karama, mkuu wa Wenye, mtu mnene mpole aliyezungumza kana kwamba kila mtu ni mgonjwa. Nyuma yake Mheshimiwa Hamdani, aliyekasirika zaidi ya Bwana Karama. Hilo lilinishangaza kwanza. Baadaye nilielewa kwamba Wenye walikuwa wamepoteza kazi ya siku moja tu, lakini Wasemaji walikuwa wamepoteza kazi yenyewe.

"Mmegoma kwa idhini ya nani?" alifoka.

"Hatujagoma, Mheshimiwa," alijibu Bi Siwema. "Tuko kazini wote. Hata wa jana bado wapo. Tunakabidhiana."

"Nani kiongozi wenu?"

"Mwulize aliyenikabidhi mimi."

Wakamtafuta huyo. Akawaelekeza kwa aliyemkabidhi yeye, na huyo kwa mwingine. Karani wao alizunguka na kalamu chumba baada ya chumba, akatoka uwanjani, akaingia tena, hata akarudi kwa Bi Siwema akiwa anatokwa na jasho. Msafara mzima ulikuwa umemfuata. Mtu mmoja alicheka, kicheko kikaambukiza, na hata Bwana Karama alikohoa kwenye leso.

"Nitawafukuza," alisema alipomaliza kukohoa, kwa upole uleule.

"Sawa, bwana. Ila mtu hafukuzwi kabla hajakabidhi. Iko juu ya mlango."

Wakajitenga pembeni kujadiliana, na kwa kuwa mimi ni Asiyesema hawakujali nilivyosimama karibu. Mmoja alipendekeza iundwe Kamati ya Makabidhiano na Bi Siwema apewe uenyekiti, na ofisi, na kiti cha kuzunguka. Wakampelekea ujumbe. Aliwashukuru, akauliza kama akiwa kwenye kiti hicho Mama Meno atakabidhiwa na nani kwa nani. Mwingine akapendekeza picha ichorwe upya kwa rangi bora. Ndipo Mheshimiwa Hamdani akapata wazo, uso ukamng'aa.

"Sheria ya kwanza ya nchi ni ipi?" alitangaza akirudi katikati ya chumba. "Mfanyakazi husemewa! Binti huyu hana mamlaka ya kusema hapokei. Mimi ndiye ninayemsemea." Akasimama mbele ya pipa, akatoa kifua nje kama ilivyo desturi yake, akasema kwa sauti ya Siku ya Ukali: "Kwa niaba ya binti Kibibi, nimepokea ikiwa nzima!"

Wasemaji wakapiga makofi. Nilimtazama Bi Siwema nikitarajia atalia.

Yeye alikuwa anavua aproni. Aliikung'uta pamba, akaikunja vizuri, akamwekea Mheshimiwa mikononi. Kisha akarudi nyuma hatua chache, akasimama pamoja na wengine.

"Hii nini?" aliuliza Mheshimiwa.

"Umepokea, Mheshimiwa. Aliyepokea ndiye anayeshika. Pamba ile pale."

Wote walimngoja kwa adabu kubwa, kama watu wanaomngoja mgeni anawe mikono. Bwana Karama naye alingoja, na nadhani alikuwa amevutiwa kidogo. Mheshimiwa Hamdani alifunga aproni, vidole vikashindwa na fundo, Kibibi akamsaidia. Akachukua konzi ya pamba. Kibibi akasukuma swichi, na Mama Meno akaanza kunguruma peke yake katika kiwanda kilichokuwa kimya, meno yakawa hayaonekani kwa kasi. Mheshimiwa alipeleka mkono mbele. Akaurudisha. Akaupeleka tena, na nikaona upepo wa pipa ukimvuta ncha ya shati.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima! Kifuniko kiko wapi?"

Kibibi akazima.

"Ndicho hicho, Mheshimiwa," alisema Tabu kutoka mlangoni, ambaye hakuna aliyejua kwamba ameingia. Alinyoosha mkono wenye upungufu kuelekea kwenye picha. "Ulikikatia utepe."

Huko kwetu tungelipiga vigelegele hapo. Wao walinyamaza. Kulikuwa na aibu katika chumba kile, na wafanyakazi walimwachia mwenyewe aione, hawakumsaidia kuibeba wala hawakumwongezea. Mheshimiwa alikaa chini juu ya robota la pamba. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema neno la kwake mwenyewe. "Niliogopa," alisema, polepole, akitazama mkono wake.

Aliyejua kifuniko kilipo ni mpishi. Alikuwa amekuja kuuliza chakula kiwe cha watu wangapi, akasikia mjadala, akasema kama linatafutwa bamba la chuma lenye matundu, yeye analo moja jikoni, alilikuta alipoajiriwa, na halijapatikana bamba bora kuliko lile la kuchomea nyama. Likaletwa likiwa jeusi kwa masizi na mafuta. Mafundi wakalisugua kwa mchanga, wakalifunga mahali pake kwa nati mpya. Picha wakampa mpishi.

Siku chache baadaye tangazo lilieleza jinsi Nyumba mbili, baada ya mazungumzo magumu, zilivyowapatia wafanyakazi kifuniko. Na waliofika kutoka huko hivi karibuni wananiambia kwamba makabidhiano yamefutwa. Inapigwa kengele, wa zamani wanatokea lango moja, wapya wanaingilia lango jingine, na katikati umejengwa ukuta wasionane. Wanasema kazi inakwenda haraka zaidi. Labda. Nilipoambiwa habari hiyo nilimkumbuka yule mzee wa chumba cha rangi, aliyekuwa akimpa mwenzake kipande cha muhogo wakati wa makabidhiano, na nikajiuliza sasa anampa nani.

Lakini mchana ule kengele haikuwepo bado. Bi Siwema aliichukua aproni kwa Mheshimiwa, akaifunga tena, kwa kuwa ilimlazimu aishike mashine ndipo aweze kuikabidhi. Alizipapasa nati moja moja. Alitia kidole penye matundu, kikakwama pale kilipotakiwa kukwama. Akamgeukia mwanawe.

"Nakukabidhi ikiwa nzima."

Kibibi alilisogelea pipa kwanza. Alizunguka pipa lote, akainama, akatazama chini, akarudia yote aliyofanya mama yake na kuongeza moja ambalo mama yake hakulifanya: akagonga kifuniko kwa ngumi kusikia kama kinacheza. Hakikucheza.

"Nimepokea ikiwa nzima, mama. Nenda ukapumzike."

Nilitoka naye. Nje ya lango watu walikuwa wanakumbatiana, wanamwita, wanataka kumbeba. Aliwapungia mkono akasogea mpaka kwenye ukuta wa chumba cha pamba, akaegemeza sikio. Mimi nilisimama kando, nikiwa nimejaa furaha hata sikujua niiweke wapi. Ndani, pipa likaanza kuzunguka, na baada ya muda tukasikia sauti ya msichana akiimba.

"Hongera, Bi Siwema," nilimwambia. "Umepata ulichokitaka."

Hakuniangalia. Katika mavumbi ya pamba usoni mwake palikuwa na mistari miwili ya unyevu, kutoka machoni hadi kidevuni.

"Nilitaka asiingie kabisa," alisema. "Hilo sikupata wa kuambiana naye."

Akabaki pale akisikiliza. Nami nikabaki naye, mpaka zamu ya mwanawe ilipokwisha.